Ufukwe wa Msimbati si barabara

Jamani, leo nina hasira na sitaki kuificha.

Jumapili iliyopita niliwachukua watoto wa dada yangu, mmoja ana miaka sita, mwingine minne, tukatoka Mtwara mjini asubuhi kwenda Msimbati. Ni kama kilomita 45 hivi. Tulipopita Madimba, kwenye mtambo wa kusafisha gesi, nikaulizwa maswali hadi nikachoka. Tulipofika baharini maswali yakaisha. Wakavua viatu, wakakimbia.

Baada ya muda yule mdogo akawa amejenga "nyumba ya mama" ya mchanga. Tukainuka kwenda kuchota maji kwa kopo ili apige lipu. Hatukufika mbali, nikasikia muungurumo nyuma yangu. Gari likapita kwa kasi juu ya ile nyumba. Pale pale alipokuwa amekaa mtoto!

Dereva alisimama mbele, akarudi, akasema: "Pole kaka, lakini hii bichi si ndiyo ile ya kukimbiza magari?"

Kilichoniudhi ni kwamba hakuwa amekosea. Ndivyo tunavyoinadi Msimbati. Muulize kijana wa Dar anajua nini kuhusu mahali hapa, atakwambia ni ufukwe ambao hata gari dogo linatembea mchangani bila kukwama. Sisi waandishi tumeirudia sifa hiyo kama kasuku. Nami nimo. Niliwahi kuiandika kwa mbwembwe, na leo naifuta.

Hivi tunajua tunakanyaga nini? Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye eneo la kilomita za mraba 650. Kasa hutaga kwenye fukwe za hifadhi hii. Mama kasa hupanda usiku, huchimba shimo juu ya mstari wa maji kujaa, hutaga mayai yapatayo mia moja, huyafukia na kurudi baharini. Mayai hukaa humo karibu miezi miwili. Gari likipita juu yake, mchanga unashindiliwa na vitoto vinashindwa kutoka. Vikitoka, vinatumbukia kwenye mifereji ya matairi na kuhangaika humo mpaka kaa na ndege wavimalize. Na kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kuanza kutaga. Hasara ya usiku mmoja hairudi kesho.

Wapo watakaosema magari yanapita chini, kwenye mchanga mgumu, bahari ikijaa alama zinafutika. Sawa, na maji yakijaa hayo magari yanapita wapi? Si yanasogea juu, kwenye mashimo ya kasa na mikeka ya watu? Wengine watasema wageni wanaleta fedha kijijini. Kweli kabisa. Lakini mama anayeuza samaki wa kukaanga hapati hata senti moja kwa sababu umekimbiza gari. Anapata ukishuka, ukakaa, ukala.

Mwaka 1959 Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliitangaza Msimbati kuwa nchi huru na kupandisha bendera yake. Baada ya Uhuru serikali ikamwondoa. Tunapenda kumcheka. Lakini huyu anayefika na gari na kudhani ufukwe mzima ni wake, ana tofauti gani naye?

Kila mwaka tunahimizwa kufanya utalii wa ndani, na tunalaumiwa kwamba Watanzania hatupendi kutembea. Si kweli, tunapenda. Ila mzazi hawezi kumpeleka mtoto mahali ambapo lazima amshike mkono saa zote kama yuko Kariakoo. Yawekwe magogo kwenye njia za kushukia, magari yaishie kwenye mivinje. Magogo hayahitaji mfadhili wala semina elekezi.

Na wewe unayesoma, usisubiri magogo. Sikukuu ikifika ukaenda Msimbati na wanao, egesha kivulini, vua viatu, tembea. Mpwa wangu anataka kurudi kumalizia nyumba yake, na ameshaniuliza mara tatu kama lile gari litakuwepo.