Kioo cha mita kilikuwa kimezimika
Waraka wa wazi kwa Meneja, ofisi ya umeme ya wilaya yetu

YAH: SWALI LINALOPUNGUA KWENYE SIMU YA DHARURA

Ndugu Meneja,

Jumanne moja ya masika, saa mbili usiku, nyumba yetu iliingia giza. Nilitoka barazani nikaona kwa jirani taa zinawaka na luninga inanguruma. Nikapiga simu ya dharura. Kijana aliyepokea aliniuliza swali moja tu: "Jirani yako ana umeme?" Nikamjibu anao. "Basi mzee, tatizo ni la ndani. Tafuta fundi."

Fundi alikuja, akachomeka testa kwenye soketi, ikawaka. Akatangaza kwamba umeme upo, breka ndiyo imekufa. Nikanunua breka mpya na kulipia ufundi. Giza likabaki palepale. Siku ya tatu vijana wako walikuja na ngazi, wakapanda nguzo, na hawakukawia kuona kiungio cha nyutro kilichoungua. Kufikia hapo barafu za ubuyu anazouza mke wangu kwa watoto wa shule zilikuwa zimeshakuwa maji.

Siwalaumu vijana wa ngazi. Kazi yao waliijua. Lawama yangu ni kwa lile swali. Jirani kuwa na umeme hakusemi lolote kuhusu waya unaoshuka kutoka nguzoni hadi kwenye mita yangu, na waya huo ni wa ofisi yako. Isitoshe, laini ya mtaa ina fesi tatu, na nyumba za kawaida huunganishwa kwenye fesi moja moja. Fesi yangu ikipotea, jirani aliye kwenye fesi nyingine ataendelea kupiga pasi zake.

Swali lililopungua ni hili: "Kioo cha mita kinaonyesha nini?" Changu kilikuwa kimezimika kabisa. Mita nayo inatumia umeme. Isipopata fesi na nyutro kwa pamoja, haiwaki. Kioo kikizimika, hitilafu itafutwe kwenye mita yenyewe au kabla yake, na huko fundi wa mtaani haruhusiwi kugusa. Jibu langu lingempa kijana wako sababu ya kutuma gari usiku uleule.

Na testa je? Nyutro ikikatika, fesi huendelea kufika kwenye soketi, ndiyo maana testa huwaka; ila umeme hauna njia ya kurudi, kwa hiyo taa haiwaki. Kibaya zaidi, swichi ya taa ikiachwa imewashwa, umeme hupitia kwenye balbu ukaingia hata kwenye waya wa nyutro, na testa ikawaka matundu yote mawili. Anayeushika waya huo akidhani umeme umekatika, atapigwa shoti.

Kioo kikiwa kinawaka, mambo ni mengine. Kama uniti zimeisha, mteja anunue. Kama zipo, hapo ndipo tunapotazama ndani: ashushe breka zote, apandishe ile kuu, kisha ndogo moja baada ya nyingine. Inayoangusha kuu ndiyo yenye hitilafu. Achomoe pasi, birika na hita zilizo upande huo, ajaribu tena. Ikianguka na hakuna kilichochomekwa, aite fundi mwenye leseni. Akisikia harufu ya kuungua, azime swichi kuu, asijaribu lolote. Na lakiri ya mita asiiguse kamwe.

Ndugu Meneja, usiseme wateja hawafundishiki. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, mita za malipo ya kabla zilipohitaji kuboreshwa, bibi zetu waliingiza safu mbili za tarakimu 20 kila moja, kisha ya tatu ya uniti, na mitaa haikulala gizani. Anayeweza hilo anaweza pia kutazama kioo na kusema kimewaka au kimezimika.

Naomba mambo mawili. Kwanza, wapokea simu wako waulize kuhusu mita kabla ya kuuliza kuhusu jirani. Pili, maelekezo haya yachapwe kwenye karatasi moja ya Kiswahili, yabandikwe dirishani kwenu na kwenye ofisi za serikali za mitaa. Mteja anayeambiwa "tafuta fundi" usiku wa manane, mara nyingi anayempata ni kishoka, fundi asiye na leseni.

Ile breka ya zamani bado ninayo. Fundi mwingine ameipima. Ni nzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja wa mita iliyozimika