Upandikizaji wa Ini: Urithi wa Dkt. Starzl na Nafasi ya Kinga

Machi 1, 1963, katika jiji la Denver nchini Marekani, daktari bingwa wa upasuaji Thomas Starzl alifanya jaribio la kwanza duniani la kumpandikizia binadamu ini. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na kasoro katika mirija ya nyongo. Mtoto huyo alipoteza damu nyingi na kufariki dunia akiwa bado katika chumba cha upasuaji.

Wagonjwa waliofuata mwaka huo nao hawakupona; aliyeishi muda mrefu zaidi alidumu takriban wiki tatu. Dkt. Starzl alichukua uamuzi ambao hadi leo unatajwa kuwa sehemu muhimu ya urithi wake: alisitisha upasuaji huo kwa zaidi ya miaka mitatu na kurejea maabara kutafuta chanzo cha vifo hivyo.

Utafiti ulionesha kuwa ustadi wa mikono pekee usingetosha. Kinga ya mwili hukitambua kiungo kipya kuwa kitu kigeni na kukishambulia, hivyo mgonjwa huhitaji dawa za kuipunguza nguvu kinga hiyo bila kumwacha wazi kwa maambukizi. Julai 1967, baada ya dawa kuboreshwa, mtoto aliyekuwa na saratani ya ini alipandikizwa na kuishi zaidi ya mwaka mmoja. Hayo yakawa mafanikio ya kwanza.

Mageuzi makubwa yalifuata katika miaka ya 1980. Dawa ya saiklosporini, ambayo Profesa Roy Calne wa Cambridge, Uingereza, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kwa wagonjwa, iliongeza kwa kiwango kikubwa idadi ya wanaovuka mwaka mmoja baada ya upasuaji. Mwaka 1983 jopo la wataalamu nchini Marekani lilitamka kuwa upandikizaji wa ini ni tiba kamili inayostahili kutolewa kwa wagonjwa, si jaribio tena. Mwaka 1989, Dkt. Starzl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walianza kutumia takrolimasi, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani. Mwaka 2012 yeye na Profesa Calne walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Lasker. Alifariki dunia Machi 2017.

Pamoja na mafanikio hayo, upandikizaji una mipaka yake. Huhitaji mchangiaji, jopo la mabingwa wa fani mbalimbali, chumba cha uangalizi maalumu na dawa ambazo kwa kawaida mgonjwa huzitumia maisha yake yote. Hakuna taifa, hata lililo tajiri, lenye maini ya kutosha kwa kila anayehitaji.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonesha ukubwa wa tatizo. Mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B na milioni 50 aina ya C, huku vifo vitokanavyo na magonjwa hayo vikifikia milioni 1.3. Virusi hivyo huweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila dalili, hadi ini linaposinyaa au kupata saratani.

Kwa Tanzania, msingi wa kujenga umekwishawekwa. Upandikizaji wa figo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Hata hivyo, vita dhidi ya maradhi ya ini huanzia mbali na chumba cha upasuaji. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwa watoto wachanga wanapofikisha wiki 6, 10 na 14. Vifo vilivyotokana na sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 vilidhihirisha kuwa hata mahindi yasiyokaushwa na kuhifadhiwa vizuri huweza kuliua ini. Aidha, unywaji wa pombe kupita kiasi unaendelea kuwa hatari inayoepukika.

Mzazi anayekamilisha ratiba ya chanjo, mkulima anayekausha mahindi yake juu ya turubai badala ya ardhini, na mtu mzima anayejitokeza kupima mapema, kila mmoja hupunguza idadi ya wale watakaohitaji ini la mtu mwingine. Dkt. Starzl alitumia maisha yake kuwaokoa waliofika hatua ya mwisho. Wajibu wa jamii ni kuhakikisha wachache tu wanafika huko.