Nani anamsaidia mhadhiri kufundisha? Swali la Majimoto kwa kampasi ya Mpimbwe

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi za Kiislamu, kama zilivyo nyumba nyingine nchini, huingia katika shughuli moja kubwa: kumtafutia kijana chuo. Wazazi huuliza ada ni kiasi gani, mkopo utapatikana au hautapatikana, bweni liko wapi, na kama binti atapata mahali pa kuswalia na kujisitiri. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, liko swali moja ambalo ni nadra kusikika, nalo pengine ndilo zito kuliko yote: mhadhiri atakayesimama mbele ya mtoto wetu, yeye mwenyewe anasaidiwa na nani katika kazi yake ya kufundisha?

Kwa watu wa Majimoto, swali hili limefika mlangoni. Mji huu mdogo wa Halmashauri ya Mpimbwe, uliopata jina lake kutokana na chemchemi za maji ya moto, umezoea kuwasindikiza vijana wake safari za mbali kila walipoitwa chuo kikuu. Mkoa wenyewe wa Katavi ni mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Leo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho makao yake yako Morogoro, kina kampasi katika ardhi hiyo hiyo ya Mpimbwe, iliyopewa jina la Mizengo Pinda, mzaliwa wa eneo hilo aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015. Miongoni mwa masomo yaliyopangwa kutolewa huko ni shahada ya usimamizi wa rasilimali za nyuki, jambo linaloafikiana na mkoa unaosifika kwa asali. Hapana shaka hii ni neema. Lakini neema nayo ina maswali yake, na mwenye kuuliza mapema hapungukiwi heshima.

Ndugu msomaji, hebu tuanze na jambo ambalo wengi hatulitazami. Mwalimu anayefundisha darasa la tatu hakuingia darasani hivi hivi. Alikaa chuo cha ualimu akasomea namna mtoto anavyojifunza, namna ya kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, namna ya kutengeneza zana na kupima maendeleo. Alipelekwa shuleni kwa mazoezi, mkufunzi akakaa nyuma ya darasa akimwangalia na kumsahihisha. Baada ya kuajiriwa, vipo Vituo vya Walimu, na katika miaka ya karibuni umekuwapo mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, maarufu kama MEWAKA, unaowakutanisha walimu wa shule ili wajadili mada zinazowatatiza.

Mhadhiri wa chuo kikuu hupitia njia nyingine kabisa. Yeye huajiriwa kwa sababu alifaulu vizuri mno katika fani yake. Aliyekuwa bora katika elimu ya mimea hubakizwa kufundisha mimea. Aliyekuwa bora katika uchumi hubakizwa kufundisha uchumi. Ukiwaacha waliosomea vitivo vya elimu, wengi wao hawakuwahi kufundishwa kufundisha. Shahada ya uzamili na ile ya uzamivu huwafunza kutafiti, na kutafiti ni kazi moja, kufundisha ni kazi nyingine. Aidha, kupanda cheo kwa kiasi kikubwa hutegemea machapisho ya utafiti. Basi mhadhiri mwenye akili ya kawaida huona wazi saa zake zaidi azitumie wapi.

Zamani pengo hili halikuonekana sana. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii kilipofunguliwa jijini Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa katika jengo la TANU, kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Mwalimu mwenye wanafunzi 14 humjua kila mmoja kwa jina lake na kwa udhaifu wake. Asiyefahamu humfuata baada ya kipindi. Leo mhadhiri husimama mbele ya mamia ya vijana, wengine wakiwa wamekaa madirishani, na baada ya kipindi hubeba mafurushi ya karatasi za kusahihisha. Hapo ndipo kipaji peke yake kinaposhindwa, na msaada wa chuo unapohitajika.

Msaada huo ni upi? Ni mafunzo elekezi kwa mhadhiri mpya kabla hajakabidhiwa darasa. Ni mhadhiri mkongwe anayepewa jukumu la kumlea mgeni kwa mwaka mmoja au miwili. Ni mkutubi anayejua kumtafutia vitabu na makala mpya. Ni fundi wa maabara anayehakikisha vifaa viko tayari kabla ya somo, si baada yake. Ni wahadhiri wasaidizi wa kuongoza makundi madogo ya majadiliano. Ni intaneti isiyokatika, na mtu wa kumwelekeza namna ya kuitumia. Ni ofisi au hata chumba kimoja ambacho mhadhiri anaweza kuingia na kusema, "Somo hili haliwaingii wanafunzi wangu, nifanyeje?", asionekane kuwa ameshindwa kazi.

Jambo hili si geni katika historia yetu Waislamu. Khalifa al-Mustansir Billah alipofungua madrasa yake ya Mustansiriyya mjini Baghdad mwaka 1234, hakutosheka kujenga kuta na kuleta wanazuoni. Katika taratibu zake, kila moja ya madhehebu manne ya fiqhi ilipangiwa wanafunzi 62, mudarris mmoja na mu'id wanne. Mu'id ni "mrudiaji": mudarris alipomaliza darsa, yeye alikaa na wanafunzi, akawarudishia somo, akafafanua palipowawia vigumu. Ukipiga hesabu, ni msaidizi mmoja kwa wanafunzi wasiozidi 16. Palikuwa pia na maktaba, karatasi, wino na mafuta ya taa, vyote vikigharimiwa na mali ya wakfu. Wazee wale walifahamu kwamba mwanachuoni hata awe bahari ya elimu, akiachwa peke yake na umati wa wanafunzi, elimu yake itawapita wengi juu ya vichwa.

Dunia ya leo imelirudia wazo hilo kwa majina mengine. Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani kilianzisha mwaka 1962 kituo cha utafiti wa kujifunza na kufundisha, kinachotajwa kuwa cha kwanza cha aina yake katika nchi hiyo. Nchini Uingereza, ripoti ya tume ya Dearing ya mwaka 1997 ilipendekeza iundwe taasisi maalumu ya kushughulikia ubora wa kufundisha katika vyuo vikuu. Afrika Mashariki nayo haikulala. Mwaka 1995 kilitoka kitabu cha mwongozo kwa wahadhiri kiitwacho Teach Your Best, ambacho miongoni mwa waandishi wake ni Barbara Matiru na Anna Mwangi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kuwa na programu yake ya kuboresha ufundishaji na ujifunzaji. Kwa hiyo elimu ya jambo hili tunayo. Linalotakiwa ni kuifikisha pale inapohitajika zaidi.

Na inahitajika zaidi wapi? Hapana shaka, katika kampasi za mbali. Kutoka Morogoro hadi Mpimbwe kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, upite Dodoma na Tabora au uzunguke Mbeya na Sumbawanga. Morogoro ndiko iliko Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1991. Huko ndiko waliko maprofesa wengi na maabara za miaka mingi. Mhadhiri kijana wa Morogoro akikwama, hubisha hodi mlango wa pili akapata wa kumwuliza. Mhadhiri kijana anayepangiwa kampasi changa, popote iwapo duniani, mara nyingi hukuta milango michache ya kubisha. Pengine yeye peke yake ndiye mjuzi wa somo lake, na akiugua wiki moja, somo husimama wiki hiyo.

Serikali imetenga fedha nyingi kwa ajili ya vyuo vikuu. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kwa kifupi HEET, uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 425, ukapangwa kuwa wa miaka 5. Unahusu kujenga majengo na kampasi, kununua vifaa, kusomesha wahadhiri shahada za juu na kupitia upya mitaala ili ilingane na soko la ajira. Haya yote ni mema. Lakini mkopo ni deni, na deni hilo watalilipa watoto wetu hawa hawa. Jengo litahesabika na kupigwa picha siku ya uzinduzi. Kumwezesha mhadhiri kufundisha hakuna utepe wa kukata, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahauliwa.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi, kwa hiyo tuanze na madarasa, mengine yatafuata. Hoja hiyo ina uzito, lakini haisimami yote. Sehemu kubwa ya msaada tuliotaja haigharimu fedha nyingi. Wahadhiri wawili kuketi mmoja katika kipindi cha mwenzake, kisha kunong'onezana kwa ukweli, hakuhitaji mkopo. Kuweka pamoja maswali ya mitihani iliyopita, maandalio na mifano iliyofanikiwa, ili mgeni asianze kutoka sifuri, kunahitaji kabati na nidhamu. Programu ya Moodle, inayotumiwa na vyuo vingi duniani kuweka masomo mtandaoni, hutolewa bure tangu mwaka 2002. Tuliona mwaka 2020, vyuo vilipofungwa mwezi Machi hadi mwishoni mwa Mei kwa sababu ya ugonjwa wa korona, namna vyuo vingi vilivyoshindwa kuendeleza masomo. Programu zilikuwapo, lakini wahadhiri wengi hawakuwa wameandaliwa kufundisha kwa njia hiyo, wala wanafunzi wengi hawakuwa na vifaa na intaneti ya kufuatia masomo.

Wengine watasema kosa ni la wanafunzi, kwamba wanakuja chuoni wakiwa na Kiingereza dhaifu. Ni kweli kwamba kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hupata tabu anapokutana na mhadhara wa Kiingereza wa saa mbili. Lakini hilo ndilo hasa linalodai mhadhiri asaidiwe: afunzwe kupanga somo hatua kwa hatua, kusimama na kupima kama ameeleweka, kueleza istilahi ngumu kabla ya kuijengea hoja. Daktari halaumu mgonjwa kwa kuumwa.

Na hapa Mpimbwe ina utajiri ambao Morogoro inaweza kuuonea wivu. Mbuga ya Katavi iko jirani, misitu yenye nyuki ipo, na mashamba ya mpunga ya bonde la Rukwa yako karibu. Mzee aliyerina asali tangu ujana wake anajua miti ambayo nyuki huipenda na majira ambayo mzinga hujaa. Mkulima wa Majimoto anajua mpunga unaostahimili maji yanapochelewa. Hizo nazo ni nyenzo za kufundishia. Mhadhiri aliyetoka mkoa mwingine anahitaji mtu wa kumwunganisha na wazee hao, usafiri wa kuwapeleka wanafunzi, na nafasi katika ratiba. Asipopata, atafundisha nyuki kwa picha ukutani ilhali mizinga iko umbali wa kusikia sauti yake.

Basi wazazi na walezi wafanye nini? Kwanza, tuulize. Tunapokwenda chuoni, au chuo kinapokuja kujitangaza kwetu, tuulize kama mhadhiri mpya hupewa mafunzo ya kufundisha kabla ya kuanza. Tuulize kama yuko mkongwe wa kumlea, kama maktaba na intaneti vinafanya kazi jioni, na kama maoni ambayo wanafunzi hujaza mwisho wa muhula hutumika kumsaidia mhadhiri au huishia kwenye faili. Pili, madiwani na wabunge wetu, wanapotembelea kampasi, wakague pia maabara na ratiba, wasiishie kuhesabu vyumba. Tatu, wenye uwezo wakumbuke kwamba sadaka ya elimu haikomei kwenye kujenga. Vitabu vya fani, kompyuta na gharama za intaneti ni wakfu pia, kama wino na mafuta ya taa yalivyokuwa Baghdad.

Kipimo hiki tukitumie pia kwa vyuo vyetu wenyewe, tusije tukawadai wengine tusichojidai. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005. Kuvipenda hakutoshi. Navyo viulizwe vinamlea vipi mwalimu wake, kwani jina zuri la chuo halimwelewesha mwanafunzi hesabu.

Familia ya Majimoto inayouza magunia ya mpunga ili kulipa ada hainunui ukuta wala bati. Inanunua saa ambazo mtu mwenye elimu atakaa na mtoto wao na kumfanya aelewe. Saa hizo ni amana mikononi mwa chuo, na mhadhiri hawezi kuitimiza amana hiyo peke yake. Chuo kimpe mtu wa kumwuliza, kitabu cha kurejea, kifaa cha kuonyeshea na muda wa kujiandaa. Kisha, kwa haki, kimdai matokeo.

Wabillahi tawfiq.