Mafua hayatibiwi kwa antibaotiki

Simama dakika kumi mbele ya duka la dawa lolote la mtaani msimu huu wa baridi. Atakuja mtu anayepiga chafya, leso mkononi, aseme: “Nipatie amoksilini za elfu moja, mafua yamenibana.” Atahesabiwa vidonge, vitafungwa kwenye karatasi, ataondoka. Hakuna aliyemuuliza lolote, naye hakutaka kuulizwa. Leo tuzungumzie karatasi hiyo ndogo, kwa sababu madhara yake hayaishii kwa aliyeibeba.

Mafua husababishwa na virusi. Viko zaidi ya aina 200, na vinavyoongoza huitwa rinovirusi. Antibaotiki huua bakteria, haziui virusi. Kumeza amoksilini kwa ajili ya mafua ni sawa na kupulizia dawa ya mbu ili kufukuza panya.

Utauliza, “Mbona mimi nikinywa huwa napona?” Unapona kwa sababu mafua huisha yenyewe. Dalili huanza siku moja hadi tatu baada ya kuambukizwa: koo kuwasha, chafya, kamasi jepesi, pua kuziba, kikohozi, pengine homa ndogo na kichwa kuuma. Hukaza siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua, na wengi hupona ndani ya siku saba hadi kumi. Kikohozi kinaweza kuchelewa hata wiki mbili au zaidi. Ukinunua vidonge siku ya nne, siku ya saba utavishukuru bure.

Kamasi kugeuka njano au kijani nalo huwatisha wengi. Ni hatua ya kawaida ya mafua, wala rangi hiyo peke yake haithibitishi kwamba umepata bakteria.

Madhara ni haya. Kila unapomeza antibaotiki, bakteria dhaifu waliomo mwilini hufa, na wale wenye uwezo wa kuihimili dawa hubaki na kuzaliana. Huo ndio usugu wa dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa tahadhari hiyo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Bakteria hao sugu huhamia kwa mkeo, kwa mwanao, kwa jirani. Siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli, au mama atakapopata maambukizi baada ya kujifungua, dawa ya bei nafuu inayopatikana kwenye kila zahanati inaweza kushindwa kufanya kazi.

Tufanye nini basi? Pumzika na unywe maji, supu, uji au chai ya moto. Kwa homa na maumivu, parasetamoli kwa kipimo sahihi inatosha. Soma maandishi ya pakiti, kwani dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na ukizichanganya unaweza kuzidisha dozi na kuumiza ini. Sukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Tangawizi, limau na asali hutuliza koo, ingawa haviui virusi. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na aspirini asipewe mtoto. Wanaopenda kujifukiza wajihadhari: sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi limeunguza wengi, na mtoto asiwekwe hapo kabisa.

Zipo hali ambazo si za kungojea nyumbani. Mtoto mwenye kikohozi mtazame kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, mkimbize hospitali wakati huohuo. Mtu mzima anayehema kwa shida, mwenye maumivu ya kifua, au aliyeanza kupata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu, naye akapimwe. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Na kwa kuwa tunaishi na malaria, homa isipewe jina la mafua kabla ya kipimo.

Kuhusu kinga, mafua hayana chanjo. Adui husafiri kwa matone ya chafya na kwa mikono. Nawa kwa sabuni na maji tiririka, kohoa kwenye kiwiko au leso, usijishikeshike macho na pua, na fungua dirisha la daladala hata abiria wenzako wakinuna. Ukiwa na mafua, kaa mbali na vichanga, wazee na wagonjwa.

Wauzaji wa dawa nao wana sehemu yao. Kumwambia mteja “hii huihitaji” kunapunguza mauzo ya siku hiyo, lakini ndiyo kazi ya mtaalamu. Na wewe msomaji, ukiambiwa hivyo, usihamie duka la pili. Mshukuru, nunua ndimu, rudi nyumbani ukalale. Mafua yako yataisha, na dawa itabaki na nguvu kwa siku utakayoihitaji kweli.