Mbao Fupi za Meru na Mawimbi ya Shela

Likizo ya Agosti kuna vijana wa Meru na Embu wanaopanga kuja Lamu kupanda mawimbi. Si ile safari ya Disemba tuliyoizoea Mombasa, basi linashusha watu ufuoni, wanakodi tyubu za matairi, jioni wanarudi zao. Hawa wana mbao zao wenyewe, fupi, za mitumba. Nimewasikia nilipokuwa Meru mjini hivi karibuni, na nilipoteremka Embu nikakuta kundi jengine lina mpango ule ule. Mchezo wameuona kwenye simu. Tangu uingie Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 2021, kisha ukachezwa Tahiti 2024, kila kijana ameona mtu amesimama juu ya ubao mfupi akikata wimbi kama kisu.

Niliporudi nikawaelezea wenzangu barazani. Nusu yao walijibu kwa neno moja: muguka. Hasira hiyo naielewa. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo, na Rais akasema hayana nguvu. Mimi nilikuwa upande wa magavana wetu na bado niko hapo. Lakini kijana wa Embu anayetaka kujifunza bahari si gunia la muguka. Tumelia miaka mingi kwamba watu wa bara wanatuletea majani na hawatuletei biashara. Sasa biashara inakuja kwa miguu yake, tunaifungia mlango?

Na kwa Wameru kuna jengine. Wazee wao wanasimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, kwamba walikuwa chini ya watu wa Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu, wakatoroka na kuvuka maji wakiongozwa na Koomenjoe. Waliovuka usiku, alfajiri na mchana ndio chanzo cha makundi yao matatu ya koo. Jeffrey Fadiman, aliyeyakusanya masimulizi hayo, aliielekeza Mbwaa upande wa kisiwa cha Manda. Wapo wanaobisha, na Waembu wana asili yao nyengine ya Mwenendega kule Runyenjes. Hata hivyo Mmeru akisimama Shela akaitazama Manda ng'ambo ya mlango, huwezi kumwambia yeye ni mgeni kabisa.

Kinachonitia hofu ni bahari yenyewe. Sehemu kubwa ya pwani yetu imezibwa na mwamba. Wimbi linavunjika huko nje, likifika ufuoni limekwisha choka. Ndiyo maana wazungu wa Diani na Watamu wengi wao wanategemea upepo na tiara kuliko wimbi. Shela ni mbali na hayo, kwa sababu mlango uko wazi na bahari kuu inaingia. Hapo wimbi lipo, hasa wakati wa kusi. Agosti ni kusi. Ndio wakati ambao vyombo vidogo vinatoka kwa hesabu.

Tazama sasa mtego ulivyo. Ubao mfupi, wa futi sita hivi, haubebi mtu kwenye maji mapole. Unataka wimbi lenye kasi na mgongo uliosimama. Anayejifunza hupewa ubao mrefu, futi tisa, unaoelea wenyewe hata mtu akiwa bado anayumba. Kwa hiyo bahari ya kaskazi, Disemba hadi Machi, inayomfaa mwanafunzi haiufai ubao wake, na bahari inayoufaa ubao wake inaweza kumuua. Kisha kuna kupwa na kujaa. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yanapopwa mkondo wa mlangoni unatoka nje kwa nguvu. Mtoto wa Shela analijua hilo kabla ya kwenda chuoni. Kijana aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli Meru, au kwenye mto Rupingazi, hajawahi kuona maji yanayobadili nia mara nne kwa siku.

Simshauri mtu asije. Natoa rai kwamba asiingie majini bila mtu wetu. Shela kuna vijana wa mashua wanaousoma mkondo kwa rangi ya maji, na wengi wao Agosti hawana kazi kwa sababu ya kusi hiyo hiyo. Kaunti ya Lamu iwape mafunzo ya uokoaji, iwape jaketi na kamba, iweke bendera ufuoni, na kila kundi lenye mbao lilipie kiongozi kabla ya kulowa. Bei ijulikane, ibandikwe Mokowe gatini, isiwe ya kukadiria mtu kwa viatu vyake. Tusipofanya sisi, hoteli moja itafanya, italeta mwalimu kutoka nje, na vijana wetu watabaki kubeba mbao za watu.

Adabu nayo isemwe mapema, tena kwa upole. Nguo ya kuogelea iishie ufuoni. Mitaani Shela na Lamu mjini mtu ajisitiri, na wakati wa swala muziki uzimwe. Wale wa Meru niliowaambia hawakunuka hata kidogo. Waliuliza tu kama kuna mahali pa kubadilisha nguo. Hakuna. Choo cha umma karibu na pale pia sijakiona.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, mwezi mmoja tu kabla ya hilo basi kufika Mokowe.