Jani la Juu
Mstaafu akinunua kamera, majirani husema kiinua mgongo kimeota mbawa. Mimi nasema mwacheni. Miaka 30 aligonga mihuri ofisini. Leo alfajiri yuko Samburu, ukingoni mwa mto Ewaso Ng'iro, anamvizia swala twiga. Mnyama huyu wa nchi kame husimama kwa miguu ya nyuma, akanyoosha shingo, akachuma majani ya mgunga wasikofika swala wenziwe. Maji ya kunywa hayamhangaishi, unyevu wa majani humtosha. Picha ya kwanza imetoka na ukungu, ya pili imekata masikio. Mzee wetu anacheka, anafuta vumbi kwenye lenzi, anangoja tena. Mwenye kutaka kuhesabu maumivu ya magoti na abaki barazani. Jani la juu halichumwi kwa kukaa.