Tela Nyuma ya Gari la Jamaa

Siku hizi katika njia ya Kasenga twaona jambo ambalo baba zetu hawakuliona. Si lori peke yake lichukualo mzigo, bali hata gari la kadiri la nyumbani, Prado au RAV4, lililojaa watoto ndani, na nyuma yake limefungwa tela, ambalo sisi wa Lubumbashi twaliita remorki. Hatulaumu. Kukodi lori ni ghali, na jamaa zetu walio Luapula wangojea saruji na mabati. Ila liko jambo moja ambalo wauza magari hawalisemi sana, nasi tulijifunza kwa hofu kubwa: gari kuweza kuvuta si sawa na gari kuweza kuzuia.

Katika mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, tuliazimia kumpelekea mama yetu mzazi saruji ya kumalizia nyumba yake. Ilikuwa mifuko 14, kila mmoja kilo 50. Tukaazima tela la magurudumu mawili, lisilo na breki zake lenyewe. Hati ya gari letu, ambalo ni Prado ya zamani, yasema kwamba laweza kuvuta kilo 3,000. Tukacheka: kilo 700 ni kitu gani kwa gari kama hilo? Hapo ndipo ujinga wetu ulipoanza, tena ujinga wa mtu aliyesoma, ambao ni mbaya kuliko mwingine kwa sababu huja na hesabu mkononi.

Maana tulisoma nusu tu ya maandishi. Zile kilo 3,000 ni za tela lenye breki zake. Kwa tela lisilo na breki hati ileile yataja kilo 750 tu, na ndivyo ilivyo sheria katika nchi za Ulaya. Tena kilo hizo ni za tela lenyewe pamoja na mzigo wake. Tela letu likiwa tupu lilikuwa na kilo 220. Ongeza saruji, wapata 920. Wala mtu asidhani kwamba magari yafananayo uso yafanana nguvu. RAV4 ya petroli na umeme iliyouzwa Ulaya tangu 2019, ikiendeshwa kwa magurudumu manne, imeruhusiwa kuvuta tela lenye breki hata kilo 1,650. Dada yake iendeshwayo kwa magurudumu mawili imeruhusiwa kilo 800 tu. Ukizitazama zimesimama kando kando, hutazijua kwa macho.

Basi tukaondoka alfajiri, mama wa watoto mbele, watoto wanne nyuma, wakiimba. Lubumbashi umesimama juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kasenga uko kando ya mto, chini ya mita 1,000. Mahali fulani katika zile kilometa 200 na zaidi sharti uteremke. Tulikuwa katika mwendo wa 80 tulipoona kwenye kioo kwamba tela latikisa mkia, kidogo kushoto, kidogo kulia. Tukakanyaga breki kwa nguvu. Hilo lilikuwa kosa la pili. Gari likapunguza mwendo, tela halikupunguza, nalo likatusukuma kwa nyuma kama ng'ombe mwenye hasira. Usukani ukawa mwepesi mkononi. Watoto waliacha kuimba. Tukatoka njiani, tukaingia katika majani marefu, tukasimama umbali wa hatua chache kutoka mti wa muombo. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Mifuko miwili ilipasuka.

Lori la samaki lililokuwa likipanda kutoka Kasenga likasimama. Dereva wake, mzee mwenye mvi, alitusalimu kwa heshima, akawauliza watoto habari zao kwanza, kisha akazunguka tela mara moja.

“Mwalimu,” akasema, “mzigo umeuweka mkiani.”

“Baba, hatukuupakia sisi,” tukajibu, na papo hapo tukaona haya. Kweli vijana wa duka ndio waliopakia, nao waliiweka mifuko karibu na mlango wa nyuma ili wasiibebe mbali. Lakini sisi tulikuwa palepale, tukiongea kwa simu.

Alitueleza neno ambalo kila mvuvi wa Luapula alijua kwa mtumbwi wake: chombo kilichopakiwa vibaya hakishiki njia. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, pua ya tela huinuka, nayo huinua mgongo wa gari. Hapo magurudumu ya nyuma ya gari hukanyaga kwa wepesi, na tela lapata nafasi ya kuyumba. Yapasa sehemu kubwa ya mzigo iwe mbele kidogo ya ekseli, chini, na imefungwa. Pua ilemee gari kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi ya uzito wote, wala isipite kipimo kilichoandikwa kwenye kiungo. Na uzito huo wa pua uhesabiwe pamoja na watu na mizigo iliyo ndani ya gari. Tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafula wala usipigane na usukani. Ushike sawa, uondoe mguu kwenye mafuta, uache mwendo upungue wenyewe. Katika mteremko, ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, si katikati. Nasi twaongeza hesabu moja ya darasani: nguvu ya mwendo wa 80 ni karibu mara mbili ya nguvu ya mwendo wa 60.

Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa nyumba za kuvutwa, tela 41, kutoka Cape Town, ukapita Kongo ya Wabelgiji, ukafika Cairo mwaka 1960. Wale hawakufunga tela nyuma ya gari lolote lililokuwa uani. Mengi yalivutwa na malori madogo yenye nguvu yaliyochaguliwa kwa kazi hiyo. Twawataja kwa sababu wako vijana watuambiao kwamba mababu walivuka Afrika nzima na tela.

Mzee alitusaidia kuhamisha mifuko, kisha akachukua minane katika lori la mwenzake lililokuwa likiteremka, naye hakutaka malipo. Tukaenda kwa mwendo wa 50 hata Kasenga. Saruji iliyomwagika tuliizoa katika beseni. Leo ni sakafu ya jiko la mama.

Siku ya kurudi, mama alitupa samaki na barafu katika masanduku, kilo 230. Vijana wa pwani walianza kupakia kutoka mlangoni, kama wenzao wa dukani. Tukawasimamisha. Tukaazima kwa mwuza samaki mizani ya kuning'iniza, vijana wawili wakaiinua kwa gongo, na pua ya tela ikaning'inia kwenye ndoano yake. Wachuuzi wakaja kututazama, wakiuliza kilo ni bei gani. Mizani ikasoma 18. Tukasogeza sanduku moja mbele, kisha la pili. Iliposoma 45, tukafunga kamba, tukamwaga mama, tukaondoka.